Tulipomtafuta Mtu Mkuu wa Taifa kwa Mtungi

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mgeni wetu rasmi, Mheshimiwa Diwani, Ndugu Mtendaji wa Kata, Baba Paroko na Mchungaji, ambao leo mmekubali kukaa benchi moja, Mwalimu Deodata, Mkuu wa Shule yetu, wazee wenzangu wa Kamati ya Jina, wazazi, wanafunzi na ndugu wageni waalikwa, na wewe Mzee Leonidas, uliyeruka safu ya wazee ukaenda kukaa safu ya waheshimiwa ukidhani sikuoni: nawasalimu nyote kwa umri wangu.

Wanafunzi, mbona sijaamkiwa? Au shikamoo haimo kwenye mtihani? ... Marahaba. Kumbe sauti mnazo.

Mimi naitwa Leonsia, mama yake Ildefonce, mkulima wa migomba na maharage hapa hapa Kanazi, na Mwenyekiti wa Kamati ya Jina. Shule niliishia darasa la pili, nikatolewa kwenda kulea mdogo wangu, kwa hiyo atakayesikia neno limekaa upande asinisahihishe mbele za watu, alinyooshe mwenyewe kimoyomoyo. Mwalimu Deodata ameniambia nisizidishe dakika tano. Mwalimu, mimi nikiita kuku waje kula napitisha dakika tano. Tulia.

Kwenye ratiba mliyogawiwa imeandikwa kwamba Mwenyekiti wa Kamati atatangaza jina la bweni la wasichana, kisha mgeni rasmi atalifungua. Bweni lenyewe ndilo hilo lenye bati la bluu. Lilikwisha tangu masika. Vitanda vimo, madirisha yana nondo, choo kina mlango. Na mpaka asubuhi hii hakuna msichana hata mmoja aliyelala humo. Wanalala kwenye vyumba vya kupanga huko senta, wamebanana kama mihogo kwenye gunia, na kila mlevi anayepita anagonga dirisha akidai amepotea njia. Je, mnataka kujua nani aliyewazuia wasiingie? Si serikali, Mheshimiwa, usishtuke. Ni sisi wazee. Na katika sisi, aliyekalia kiti cha mbele ni huyu anayewahutubia, mwenye viatu vipya vinavyombana, alivyovinunua akiamini kwamba siku ya leo itakuwa siku ya ukoo wake.

Bodi ya shule ilitupa kazi iliyoonekana nyepesi. Ilisema: bweni la wavulana lina jina la Baba wa Taifa, la wasichana nalo lipewe jina la mtu mkuu kuliko wote katika historia ya nchi yetu, ukimwondoa yeye. Wazee wakae, wajadiliane, walete jina. Bodi ilidhani huo ni mjadala wa asubuhi moja. Bodi haitujui.

Mheshimiwa, wewe umetoka mbali, ngoja nikueleze. Kwetu mtoto akizaliwa hatolewi nje mpaka siku ya kupewa jina, na jina haliitwi kinywa kikavu. Anayeleta jina analeta mtungi wa pombe ya ndizi, wazee wanauzunguka na mirija yao, wananyonya, wanasikiliza. Basi kikao cha kwanza Mzee Leonidas alisimama, akasafisha koo, akasema, "Nyumba ni mtoto. Haifunguliwi bila jina, na jina haliletwi bila mtungi." Tukapiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote. Sikujua kwamba nashangilia kufuli.

Mwalimu Deodata, kwa kuwa amesoma, alileta majina ya vitabuni. Akamtaja Mkwawa. Akamtaja Bibi Titi Mohamed, akatueleza vizuri jinsi alivyowainua wanawake wadai uhuru, nami nikampenda yule mama, nikasema moyoni, huyu tungeelewana au tungepigana. Lakini swali likaulizwa: huyo bibi ana ndugu hapa Ngara wa kumletea mtungi? Hana. Akaanguka. Na Mkwawa tukasema Iringa ni mbali, mtungi utavunjika njiani. Hivyo ndivyo, ndugu zangu, mashujaa wa nchi nzima walivyoshindwa uchaguzi Kanazi.

Walipokwisha kuanguka wenye majina, tukabaki na babu zetu.

Leonidas alimleta babu yake. Alisema huyo mzee ndiye aliyeificha ngoma ya mwami, mtawala wetu wa zamani, Wajerumani wasiichukue. Aliifukia kwenye shimo la kuivishia ndizi, halafu wale askari walipokuja akawakaribisha wakae juu yake, wakala ndizi, wakashukuru, wakaondoka. Hadithi tamu, na mtungi wake ulikuwa mtamu zaidi. Mzee Malongo akamuuliza, "Sasa huyo babu yako anajulikana Dodoma?"

Leonidas akajibu, "Dodoma ndiyo haikujulikana kwa babu yangu."

Tukacheka, tukanyonya, tukaahirisha.

Kikao kilichofuata ikawa zamu ya Malongo. Huyu mnamfahamu, Msukuma wetu, wazazi wake walihamia huku kutoka Shinyanga. Akaniita mama kwa Kisukuma, akasema, "Mayu Leonsia, babu yangu ndiye aliyefikisha jembe la kukokotwa na ng'ombe upande huu. Bila yeye mngekuwa bado mnachokonoa ardhi kama kuku." Leonidas akamdaka, "Na bila ng'ombe zake migomba yetu ingekuwa bado ina majani!" Fimbo zilinyanyuliwa. Hazikushuka, kwa sababu mtungi ulikuwa haujafika nusu na hakuna aliyetaka kuumwaga.

Mnacheka? Chekeni vizuri, maana sasa nafika kwangu.

Mimi nilimleta Bonifasia, bibi yangu mzaa mama. Huyu ndiye aliyewazalisha wanawake wa upande huu wote, tangu Kanazi mpaka Nyamiaga, usiku, mvua, bila glovu wala taa. Nusu ya vichwa ninavyoviona hapa vilipokelewa na mikono yake, au vilipokelewa vya mama zenu. Hata Leonidas alipokelewa na yeye, na hilo ndilo kosa lake pekee ninalolijua. Nilipika mtungi ambao ulibebwa na vijana kwa kupokezana. Nikazungumza mpaka jua likageuka. Nikasema taifa ni watu, na watu wanazaliwa, sasa mkuu kuliko mzalishaji ni nani? Wazee wakalia. Malongo aliimba. Leonidas akanishika mkono akasema, "Mama Ildefonce, umemaliza, hakuna jina jingine." Nikarudi nyumbani nikiwa nimeshaliona lile bango: BWENI LA BONIFASIA, na chini yake kwa herufi ndogo, kwa unyenyekevu, mjukuu wake Leonsia.

Kikao cha kuthibitisha hawakulikumbuka hata jina. "Bonifasia yupi?" Leonidas ananiuliza, macho makavu. Mtungi wangu wanaukumbuka, bibi yangu hawamkumbuki! Niliwatukana kwa Kihangaza, Baba Paroko, nikawatukana na kwa Kiswahili ili Malongo naye apate. Lakini baada ya hasira nilielewa jambo ambalo kila mmoja wetu alilijua na hakuna aliyelisema: jina likipatikana, mitungi inakoma. Ndiyo sababu kila babu alisifiwa jioni akaangushwa asubuhi. Idadi ya mitungi sitaitaja. Viongozi wa dini wapo.

Asubuhi yake nimekaa kibarazani, kichwa kinagonga kama ngoma ile ya shimoni, akaja mjukuu wangu Yuster, anasoma kidato cha tatu hapa.

"Shikamoo Bibi. Mmempata?"

"Marahaba. Tumempata nani?"

"Mtu mkuu."

"Bado. Tunakaribia."

"Haya, mkimpata mwambieni mwenye nyumba ametutoa. Anataka chumba aweke maharage. Maharage yamepata pa kulala, Bibi, sisi bado. Na Felisita amepanda gari la Nyakanazi. Amesema shule basi."

Huyo Felisita ni mjukuu wa Malongo, nyumbani kwao ni mbali huko bondeni, hawezi kwenda na kurudi kila siku. Ndiye anayewaongoza darasani kwa hesabu. Nilivaa kanga juu ya usingizi, nikamchukua Malongo, tukapanda gari.

Nyakanazi mnaijua. Malori yamepanga mstari, gesti mlango kwa mlango, mama lishe wanaita wateja kwa majina ya nchi zao. Tulimkuta Felisita nyuma ya kibanda, mikono imezama kwenye beseni la sahani. Babu yake akaanza kwa sauti ya kikao: "Mjukuu wangu, rudi nyumbani. Tunawatafutia jina kubwa."

Mtoto hakuinua kichwa. "Babu, hapa nalala kwa huyu mama. Chumba ni kidogo, lakini kina komeo kwa ndani. Jina hakina."

Mimi nikasogea nimshike bega, nikaanza, "Mwanangu..."

"Bibi, na wewe unanuka mtungi."

Yule mama mwenye kibanda akageuka na mwiko mkononi: "Aa, kumbe hawa ndio wale wazee wa jina!" Na madereva waliokuwa wanakula wakaangua kicheko, mmoja akatuinulia kikombe cha chai. Ndugu wageni waalikwa, nilitafuta ukuu wa ukoo wangu Kanazi nisiupate, kumbe Nyakanazi nzima walikuwa wananifahamu.

Felisita alisema neno moja la mwisho. Kwamba atakuja kuona kwa macho yake siku ya ufunguzi. Mlango ukifunguliwa atabaki, ukiwa bado umefungwa ataondoka na gari lile lile.

Njiani tukirudi nilimgeukia Malongo. Mimi ndiye niliyesema, maana mila ile ni yetu, si yake. Nilimwambia: kwetu mtoto hatolewi nje bila jina. Sasa sisi tumewaacha watoto nje kwa sababu jina halipo. Mila tumeishika, ndiyo, lakini tumeishika kichwa chini miguu juu, kama kuku anayepelekwa sokoni.

Nikaitisha kikao bila mtungi. Kama hamjawahi kuona kikao cha wazee bila mtungi, niwaambie, kinaisha upesi. Leonidas alikuja na mrija wake mfukoni, akatazama pembe hii, akatazama pembe ile, akaurudisha. Nikawauliza: hivi Mkwawa ana haraka? Bibi Titi ana haraka? Babu wa ngoma, babu wa jembe, na Bonifasia wangu, wana haraka gani? Wamekwisha kufa, wana muda wote. Msichana wa kidato cha tatu hana. Na nimtendee haki mbishi wenu huyo aliyekaa na waheshimiwa: yeye ndiye aliyesema kwanza, "Basi lifunguliwe tu, Mama Ildefonce. Tumeaibika."

Kwa hiyo, Mheshimiwa, kazi yangu ya kutangaza jina ni hii: jina hakuna. Ubao ule uliofunikwa kitenge, ukikifunua utakuta rangi nyeupe, safi, fundi ameipaka mara mbili. Mtu mkuu kuliko wote katika historia ya nchi hii mimi simjui, na siku nilipojifanya namjua nimewaambia nilikuwa nimekunywa nini. Watakaomchagua ni wasichana wenyewe, wakiwa ndani, wameshiba usingizi, wamesoma hivyo vitabu ambavyo mimi sikuvifikia. Wakimchagua Bibi Titi nitapiga vigelegele. Wakimchagua mtu ambaye sisi hatujapata kumsikia, watatueleza, nasi tutakaa chini tusikilize kwa maji ya kunywa. Wakimchagua Bonifasia sitakataa. Nimeaibika, sijawa mjinga.

Wazazi, msitoke hapa mkisema wazee wa Kanazi ni wapumbavu na nyinyi mna akili. Nyinyi mlikuwa mnapita na majembe begani, mnaona kufuli pale kila siku, mnauliza "leo mtungi wa nani?" Hakuna aliyeuliza watoto wanalala wapi. Nimewaona. Hata wewe uliyeinamia simu, nimekuona.

Nawashukuru mafundi waliojenga, bodi iliyotuvumilia, Mwalimu Deodata aliyetuletea mashujaa tukawakataa na bado anatusalimia. Nakushukuru Mheshimiwa kwa kuja, ingawa uliitiwa jina na umekuta ubao mweupe. Najua ratiba inasema sasa ni ngonjera, halafu risala, halafu hotuba yako. Nakuomba kwa heshima zote, na kwa ukali kidogo, uinuke sasa hivi ufungue. Hotuba yako ni nzuri, itatungoja. Gari la Nyakanazi halingoji, na yule binti aliyesimama nje ya geti na begi lake tangu asubuhi, ambaye hajakanyaga ndani wala hajatutazama usoni, anatazama mlango tu, yule ndiye Felisita.

Asanteni wote kwa kumvumilia na kumsikiliza bibi asiyejua kufupisha. Leonidas, sogeza hicho kiti, watoto wapite na magodoro.

Felisita, mwanangu, ingia. Komeo liko kwa ndani. Nimelijaribu mwenyewe.