Bima Iliyotaka Kunitoa Karakanani

Bwana asifiwe, ndugu zangu, na ninyi mliokaa nje kwa sababu ya joto, asifiwe na huko pia.

Mimi ni Mama Mwende, fundi cherehani. Wazazi wangu walitoka Ukambani wakapata shamba Shimba Hills, nami nikaolewa hapa Bongwe. Tunashona sare za wafanyakazi wa hoteli za Diani, mafundi wachache tu chini ya tajiri mmoja. Tajiri wetu ni mtu mwema. Alitukatia bima ya afya, sisi pamoja na waume na wake zetu, jambo ambalo wakubwa wengi hawalifanyi.

Kisha figo zangu zikafa. Ndugu zangu, mtu ambaye damu yake husafishwa kwa mashine hana likizo. Ukiruka wiki unavimba, ukizidi kuruka unazikwa. Bima ililipa, lakini kila ilipofanywa upya bei ilipanda, hadi tajiri akashindwa.

Alituita, akasema huku ameinamisha kichwa kuwa watu wa bima wamemweleza wazi: katika kundi dogo kama letu, mgonjwa mmoja huwapandishia wote bei. Huyo akiacha kazi, bei itashuka. Hakunitaja. Wenzangu wakatazama vitambaa vyao. Nilikasirika, sitaki kudanganya mbele ya madhabahu. Nikaomba kimoyomoyo, "Bwana, nisife kwa sababu mimi ni ghali."

Ndugu zangu, jibu lilitoka kwa Mwanamisi, Mdigo na Mwislamu, mkataji wetu. Katika kazi yetu, asipokata yeye hakuna cha kushona. Akauweka mkasi mezani.

"Tajiri, akiondoka Mama Mwende, na mkasi huu utafute wa kuushika."

"Basi nifanye nini, Bi Mwanamisi? Nifunge?"

"Waondoe kwenye bima waume zetu na wake za hawa wanaume. Tubakie sisi tunaoshona."

Mmoja mmoja wakakubali. Bei ikashuka, nikaendelea na kazi na kusafishwa damu. Nililia kwa furaha.

Haukupita muda, Hamisi, mumewe Mwanamisi, akagongwa na lori akiwa na bodaboda yake kwenye barabara ya Lunga Lunga. Paja likavunjika. Hospitali ya umma ilimpokea, lakini chuma cha kuunga mfupa kilikuwa cha kununua, na michango ilipotimia mfupa ulikuwa umeshajiunga vibaya. Leo hawezi kupanda pikipiki. Hata chooni hushikwa mkono.

Nilikwenda kwao nikiwa siwezi kuinua uso. Mwanamisi akanivutia kiti.

"Mama Mwende, usinililie. Ningeulizwa tena ningesema vile vile. Lakini nisikufiche, kuna siku nakutazama nakasirika. Kaa unywe chai."

Nilikaa, nikanywa.

Ndugu zangu, nashukuru na naumia, vyote kwa pamoja, na sijui kuvitenganisha. Niko hai kwa sababu Mungu alinisikia, na aliponijibu, nyumba ya mtu mwingine iliumia. Wewe unayeona watu wanainamisha macho ukipita, usimwache Bwana, mtumaini. Atamwinua mtu usiyemtarajia.

Kesho nakwenda tena kwenye mashine ya kusafisha damu. Anayetaka kuniombea, tafadhali aanze na Hamisi.