Swali la Tisa Kwenye Fomu ya Bima

Kijiwe chetu kiko konani, kati ya kibanda changu cha viatu na duka la rangi. Benchi lina miguu mitatu ya mbao na wa nne ni tofali. Alasiri ile alikuwepo Mzee Bomba, fundi bomba mstaafu. Wakili, ambaye mahakamani aliwahi kwenda mara moja tu, kama shahidi. Na Daktari, muuza dawa za mifugo. Mzee Bomba anataka kuhamia ng'ambo aliko binti yake wa pekee. Viza ya wastaafu ipo, ila bila bima ya afya huipati, na fomu ya bima mwisho wake ulikuwa jioni ile. Alikwama swali la tisa: taja magonjwa uliyonayo na dawa unazotumia. Simu mkononi, kahawa imepoa, hajaandika kitu.

— Andika huna, alisema Wakili. Kimya kingi kina mshindo.

— Hiyo methali haiingii hapo, nikamwambia.

— Ikisukumwa inaingia.

— Lakini bima ya nini jamani? nikauliza. Mtu anakwenda na pensheni yake, anakula chake.

Daktari akakohoa kidaktari.

— Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sasa mgonjwa utampaje jembe?

— Wee, acha hizo! Wanaogopa wazee wa watu wasijaze vitanda vyao, halafu gharama ibebwe na serikali, alisema Wakili.

Tukaguna. Wakili mara moja moja husema la maana, na papo hapo huliharibu.

— Ila kuna siri. Kule uwanja wa ndege kuna mlango. Ukipita na presha, unalia.

— Unalia wewe au mlango?

— Mlango! Shemeji yangu alipita, ukalia.

— Shemeji yako alikuwa na funguo mfukoni.

— Presha ile!

— Hamjui kitu nyie, alisema Daktari. Wanataka damu ya wazee wa huku. Wachunguze tunaishije bila kwenda hospitali, kisha waifungie kwenye chupa watuuzie sisi wenyewe.

— Hayo umeambiwa na ng'ombe?

— Na ukifa huko, Wakili akadakia, bima inakurudisha kama kifurushi.

— Hilo kweli, alisema Mzee Bomba taratibu. Ukurasa wa nne. Kusafirisha mwili.

Hakuna aliyecheka.

— Na ukidanganya? nikamuuliza.

— Hawalipi kitu. Ukurasa wa tano.

— Basi ishia wa nne! Wakili akasema.

Kulikuwa na dada mmoja anasubiri kiatu chake, mguu mmoja kaukanyagisha kwenye boksi. Hatukuwa tunamjua. Akageuka.

— Shikamoo mzee. Samahani, kwani unaumwa nini?

Wakili akanitazama mimi, mimi nikamtazama Daktari, Daktari akatazama barabara. Miaka tisa tunakaa na mtu huyu. Najua kiatu chake huliwa upande gani. Kinachomuuma sikijui, na wenzangu vilevile. Niliona haya, sifichi.

— Marahaba mwanangu, alisema Mzee Bomba. Moyo.

— Loo! Unaogopa watakunyima bima?

— Wakininyima si nakaa hapa hapa na wapumbavu hawa? Fomu hii anaipokea binti yangu kwanza, aitafsiri ndipo aipeleke. Hajui.

Mzee Bomba akaniwekea simu mapajani.

— Niandikie wewe. Mkono wangu hauendi.

Nikafuta gundi vidoleni, nikaandika lile neno, na majina ya dawa akanitajia moja baada ya jingine. Zilikuwa nne. Akatikisa kichwa kukubali, nikatuma. Wakili akaagiza kahawa nyingine, nayo haijafika, simu ikaita. Nilibonyeza vibaya, sauti ikatoka kubwa, benchi zima likasikia.

— Baba? Tangu lini?

Mzee Bomba akatutazama mmoja mmoja, na sisi wajuzi wa kila kitu tukainamia vikombe vitupu.