Tetemeko Lililosubiri Kuthibitishwa

Ndani ya Noah ya abiria, tukikaribia Kilwa Masoko, Evaristo, afisa wa maafa aliyekaa kando yangu, aliitazama simu yake kama mtu anayesoma jina lake msibani.

"Kumepiga tetemeko chini ya bahari," alisema.

Mama wa mbele, Salima, aligeuka. "Basi watangazie watu, kaka. Mama yangu yuko pwani Songo Songo, anachokoa pweza."

"Nangoja wakubwa wathibitishe. Mwaka jana niliwahi kutangaza. Watu wakakimbia, mzee mmoja akaanguka akafa. Bahari haikufanya kitu."

"Na leo ikifanya?"

Evaristo aliitazama tena simu yake. Salima akampigia mama yake, akaweka sauti ya nje.

"Mwanangu, maji yamekupwa mbali mno! Samaki tunaokota kwa mikono!"

"Ni saa za maji kupwa," alinong'ona Evaristo.

"Saa hizi hujaa," Salima alimjibu, kisha akapaza sauti: "Mama, kimbieni, wimbi kubwa linakuja!"

"Sikusikii, watoto wanapiga kelele!"

Gari likasimama. Hakuna aliyeshuka. Simuni, watoto waliendelea kupiga kelele na kucheka.