Mshono wa Pili

Benchi lenyewe ni ubao mmoja uliolazwa juu ya matofali, mbele ya kibanda cha fundi viatu, ubavuni mwa kinyozi. Wenye nafasi za kudumu ni wanne. Fundi mwenyewe huitwa Soli, mzee wa miaka sitini na mitatu ambaye hasemi uongo ila anapokutajia siku ya kuja kuchukua kiatu. Wakili hakusomea sheria hata siku moja. Alikuwa tarishi wa mahakama, akabeba mafaili miaka ishirini, na anaamini sheria ilimwingia kupitia kwapani. Kipara ni kinyozi, na jina lake halihitaji maelezo. Mama Birika ndiye mwenye kahawa, kwa hiyo ndiye mwenye kijiwe. Ijumaa hiyo, saa kumi jioni, walimkuta Soli na kiatu cha mtoto mapajani, sindano mkononi, na uso wa mtu aliyemeza kokwa.

— Kuna nini? aliuliza Mama Birika. Au kahawa yangu imekuwa chungu leo?

Soli akatoa karatasi chini ya mkebe wa misumari. Ilichanwa kwenye daftari la mjukuu wake wa kike, ambaye asubuhi aliibwaga mezani akakimbilia shule bila neno. Wakili akaipokea, akavaa miwani, akaisoma kwa sauti ya kortini.

— "WITO. Babu afike darasa la dini, parokiani, Jumamosi saa tatu asubuhi. Aje na vifaa vyake vya kazi. Asikose." Halafu kuna sahihi ya Sista.

Akaikunja taratibu.

— Mzee, umeshtakiwa.

— Na nani?

— Sijui, ila wito hauji bila mashtaka. Nimepeleka mamia kwa mkono huu. Na hapa wanasema uje na vifaa. Hivyo ni vidhibiti.

— Vidhibiti vya kosa gani? Mimi nashona viatu.

— Hayo utayajibu mbele ya Sista.

— Acha kumtisha mzee, alisema Kipara. Jambo lenyewe jepesi. Ile sanamu ya mtakatifu pale mlangoni, ndara zake zimepasuka. Nimeziona kwa macho yangu. Wanataka fundi, na mkono mtupu haulambwi.

— Hiyo methali inaingiaje hapo? aliuliza Mama Birika.

— Inaingia kwa sababu aje na vifaa.

— Sanamu ni ya saruji, Kipara.

— Ndiyo maana wameshindwa kuzishona wenyewe.

Mama Birika akamimina kahawa, akapuliza mvuke wa kikombe chake.

— Nyie wote hamjui kitu. Mkewe katangulia, watoto wamekua, nyumba ni yeye na mjukuu. Na mapadre siku hizi wamepungua. Wanamtaka upadre. Samaki mkunje angali mbichi.

— Nina miaka sitini na mitatu, Mama Birika.

— Ndiyo maana wanawahi.

Kijiwe kizima kikacheka. Soli peke yake hakucheka. Sindano ilisimama katikati ya ngozi.

— Kuna kitu sijawahi kuwaambia, alisema.

Wakasogea.

— Nilipokuwa na miaka kumi na minne nilipelekwa seminari. Nyumbani kila mtu alisema huyu ana wito. Nikakaa mihula miwili. Kilatini hakikuingia, na kila nikilala namlilia mama. Siku moja, mvua inanyesha, nikaruka ukuta.

— Ukakamatwa? aliuliza Wakili.

— Sikukamatwa. Ila nilijifunika blanketi. La seminari.

Wakili akavua miwani.

— Ulilirudisha?

— Lipo nyumbani. Mjukuu ndiye anajifunika.

— Basi kesi imekamilika. Jinai haiozi, hata ikifika miaka arobaini na tisa. Blanketi liko kwako, mtoto analala nalo, mtoto huyohuyo anasoma dini. Mtoto ametaja.

— Mbio za sakafuni huishia ukingoni, alisema Kipara, na kwa mara ya kwanza mwaka huo methali yake ikakaa mahali pake.

Soli naye ikabidi acheke, maana kisa cha blanketi kikisimuliwa na mwingine kinachekesha kweli. Lakini kilichomuuma si blanketi. Miaka yote hiyo aliamini kwamba Mungu alimwita mara moja tu, yeye akaruka ukuta, na zamu yake akapewa mtu mwingine. Jumapili alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, na matangazo yalipoanza alikuwa ameshafika barabarani. Mjukuu hakuyajua hayo. Alikuwa anajiandaa kwa Komunyo ya kwanza, na aliamini babu yake anajua kila kitu isipokuwa kuongea polepole kwenye simu. Sasa kesho wamsimamishe mbele ya mtoto huyo, wamuulize habari za wito. Soli aliona aibu, tena aibu ile ya mtoto wa miaka kumi na minne.

— Siendi, alisema.

— Wito ukiupuuza inafuata hati ya kukamatwa, alionya Wakili.

— Na waje.

Ili kuuficha uso akarudi kwenye kiatu. Akamaliza mshono, akakata uzi, kisha akakigeuza kiatu na kuanza mshono mwingine kandokando ya ule wa kwanza.

— Na hilo nalo ni kosa, alisema Kipara. Kila kiatu cha mtoto lazima ukishone mara mbili. Mwenyewe hajaomba, mzazi hajui, na kiatu hakirudi tena. Mimi ningekuwa nanyoa nywele zisiote, si ningekufa njaa?

— Kwani zako alizinyoa nani? aliuliza Mama Birika.

Kicheko kilikuwa bado hakijatulia pale mjukuu mwenyewe alipotokea, begi mgongoni, miaka tisa, meno mawili ya mbele yako safarini.

— Shikamooni.

— Marahaba.

— Babu, umeisoma karatasi yangu?

— Tumeisoma, alidakia Wakili. Tunaomba kesi iahirishwe.

— Kesi gani? Hilo ni somo. Wiki hii tunasoma wito na utakatifu. Nimeandika kichwa cha somo juu, kama kilivyo ubaoni.

Wakili akaitazama karatasi mbele na nyuma, kama mtu aliyeibiwa mchana kweupe.

— Na vifaa je? aliuliza Kipara.

— Kila anayekuja analeta vyake. Padre analeta stola yake ya kuvaa shingoni. Muuguzi analeta kile cha kusikilizia moyo. Babu analeta sindano.

Soli akaweka kiatu chini.

— Mama, umekosea mtu, alimwambia mjukuu. Mimi niliitwa zamani nikakimbia. Nilikuwa seminari, nikaruka ukuta. Hata lile blanketi lako ni lao.

Mtoto akafikiri.

— Lile lenye mstari mwekundu?

— Hilohilo.

— Kumbe ndiyo maana linawasha. Tulirudishe.

Mama Birika akageukia ukuta, mabega yakimcheza. Mtoto akaendelea, maana hakuwa amemaliza.

— Sista alisema mtakatifu si wa kwenye picha tu. Ni mtu anayefanya jambo vizuri kwa upendo, hata pale ambapo hakuna wa kumwona. Akauliza nani anamjua mtu kama huyo. Mimi nikavua kiatu.

— Kiatu?

— Nikakigeuza nikamwonyesha chini. Mishono miwili. Wenzangu nao wakavua, wakahesabu. Watoto kumi na mmoja, babu, wote umewashonea wewe, wote miwili. Sista akafungua madirisha.

Hapo Mama Birika alicheka mpaka akaiweka birika chini.

— Halafu Sista akaniuliza swali, nikashindwa. Akasema uje ujibu mwenyewe. Babu, nani alikuambia ushone mara mbili?

Soli akaanza kuwahesabu kichwani. Fundi aliyemfundisha kazi alishona mara moja. Wateja hawakuwahi kuomba. Marehemu mkewe alikuwa akimgombeza kwa kumaliza uzi. Akarudi nyuma mwaka kwa mwaka akimtafuta aliyemwambia, asimpate. Akamtazama Wakili. Wakili hakuwa na kifungu. Kipara alitafuta methali, akaikosa. Mama Birika akainamisha birika, yakatoka machicha matupu.

— Na kahawa imekwisha, alisema kwa sauti ya chini.

— Sijui, mama, Soli alimjibu mjukuu. Kweli sijui.

Akashangaa kujiona anatabasamu. Furaha ilimpanda polepole, na hakuizuia.

— Basi kesho useme hivyohivyo, alisema mjukuu.

Soli akakusanya nyundo, nta na koleo, akavipanga kwenye boksi. Kisha akaangalia miguu yake. Kiatu chake mwenyewe kilikuwa wazi mbele, na kimekuwa hivyo tangu masika. Akakivua, akakaa na soksi moja, akapitisha mshono mzima mpaka kisiginoni. Kahawa hakuna, lakini hakuna aliyeondoka. Akakata uzi. Akatunga mwingine, akakigeuza kiatu, akaanza upya kandokando ya ule wa kwanza.

— Na huo wa pili, mzee, nani amekuagiza? aliuliza Wakili.

— Nyamaza, Wakili, alisema Mama Birika. Huoni mzee anaitika?