Bi Darubini, Aliyewapima Kamba wa Mdogo Wake

Ndugu, jamaa na majirani mliojaa hapa uani, marehemu dada yetu, ambaye soko zima lilimwita Bi Darubini, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, akiwa wa kwanza kati ya watoto wawili, wa pili akiwa mdogo wake muuza kamba wa baharini, ambaye ndiye anayewasomea haya.

Alianza shule ya msingi mwaka 1959, akamaliza sekondari mwaka 1970, akasomea upimaji wa vyakula kwa miaka mitatu, na tarehe 1 Februari 1974 akaajiriwa katika maabara ya manispaa, chumba cha dirisha moja na jokofu lililonguruma kama limeudhiwa. Tarehe 9 Agosti 1977 alifunga ndoa na fundi saa, wakajaliwa mabinti wawili na mtoto mmoja wa kiume.

Tarehe 6 Juni 1989 alichukua kamba na pweza kutoka meza sita za soko la samaki, na baada ya siku mbili akakuta bakteria wa kipindupindu kwenye meza moja tu, nayo ilikuwa ya mdogo wake, aliyekuwa akiosha kamba kwa maji ya kisima kilicho nyuma ya vyoo. Mkuu wake alimnong'oneza kwamba damu ni nzito kuliko maji, asiwe na haraka, naye akajibu, "Mzee, tatizo ni hayo maji yenyewe," akaandika ripoti siku hiyo hiyo, kisima kikafungwa, na kamba wakamwagiwa dawa mbele ya kadamnasi.

Mdogo wake alimfuata hadi mlango wa maabara akamwambia, "Kuanzia leo mimi sina dada!"

Siku ya tatu baada ya ripoti wagonjwa wakaanza kumiminika hospitali, wakafika arobaini na mmoja, lakini kwa kuwa ripoti iliwatangulia, madaktari hawakupapasa gizani, dripu zilikuwa tayari, na wote walirudi makwao kwa miguu yao, akiwemo mume wa muuza kamba, aliyekuwa ameficha bakuli moja la kamba akasema hawezi kutupa chakula kwa maneno ya shemeji. Muuza kamba alikwenda kwa dada yake na maneno mengi ya kuomba radhi, lakini akabaki analia kizingitini, na marehemu akamuuliza tu, "Umekula?"

Alistaafu mwaka 2006. Moyo ulianza kumsumbua Januari 2019, na tarehe 3 Mei, baada ya chai ya jioni, alisinzia akiwa ameshikwa mkono na mdogo wake, hakuamka tena, hakuteseka, na kwa hilo tumeshusha pumzi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopokezana kumpikia uji, na wenzake wa maabara mliokuja kumtania hadi wiki ya mwisho.

Dada, kazi umeimaliza, nasi hatudaiani neno, pumzika sasa kwa amani.