Sanamu ya Tsuma Ibaki Kwenye Lori

Mama yetu Mbodze, wazee wa mlango wetu, mchungaji, majirani wa Kilelengwani na nyinyi mliodamka kutoka Garsen, mimi ni Kache Menza, dada mkubwa wa marehemu, fundi wa cherehani pale sokoni. Kwa kawaida kazi hii ya kusoma historia ya marehemu hupewa ami mwenye sauti nzito, lakini familia ilikaa ikaniteua mimi kwa sababu siogopi. Tuliletewa historia nyingine tusome, imepigwa chapa vizuri sana, nayo inaanzia siku ambayo ndugu yangu alikufa, kana kwamba kabla ya hapo hakuwa mtu. Hiyo tumeirudisha kwa mwenyewe.

Tsuma Menza alizaliwa tarehe 14 Aprili 1975, hapa hapa Kilelengwani, katika nyumba ya makuti iliyokuwa pale penye migomba, akiwa kitinda mimba wa marehemu Mzee Menza na Mama Mbodze, ambao walihamia huku kutoka upande wa Malindi wakitafuta shamba la mpunga. Alitanguliza miguu, mkunga akatokwa na jasho, na mama alishikwa na uchungu tangu jogoo wa kwanza hadi jua la utosi. Nayasema haya kwa makusudi, kwa kuwa kule kivukoni Garsen kuna watu wanaoapa kwamba kijana huyu alitoka majini. Alitoka kwa mama yake, na mwenye kutaka ushahidi mama mwenyewe ni huyu, ameketi hapa mbele, amwulize.

Utoto wake ulikuwa wa kawaida, alipenda maembe mabichi kwa chumvi, aliogopa mamba, na alipopelekwa shambani kufukuza ndege alilala, tukala wali kidogo mwaka huo. Sisi hatukuzaliwa watu wa mto, kuogelea na kusukuma mtumbwi kwa upondo alifundishwa na jirani yetu Jilo, Mpokomo, ambaye amekuwa ndugu kwetu kuliko baadhi ya ndugu.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka wa 1983 hadi 1990, kisha akajiunga na shule ya upili ya wavulana, ya bweni, kuanzia 1991 hadi 1994. Huko alifundishwa historia na Mwalimu Beryl, ambaye amesafiri kutoka Kisumu kuwa nasi leo, na mwaka wa 1993 mwalimu huyo aliwaandalia wanafunzi mchezo wa kuigiza wa mashindano kuhusu mfalme mkuu wa Roma ya kale, Hadriano, na kijana aliyempenda akasafiri naye kila mahali, Antinoo, mzaliwa wa jimbo la mbali. Kijana alizama katika mto Nili, na mfalme kwa majonzi akaamuru awe mungu, akajenga mji kwa jina lake, na sanamu zake zikasimamishwa kila pembe ya dola. Tsuma alipewa nafasi ya huyo kijana, akaikataa, akauliza mama wa mtoto huyu yuko wapi katika hadithi hii, mwalimu akamjibu kwamba yeye hakupata kuona jina la mama huyo katika kitabu chochote. Basi wakambuni. Mfalme alikuwapo kweli, na mkewe Sabina alikuwapo kweli, lakini mama ni wa kutungwa, na aliyemwigiza ni ndugu yangu, amefunga hando ya mama yetu, ile sketi ya marinda ya wanawake wa kwetu, na leso mbili, akasimama mbele ya mfalme akamwambia kwamba hataki sanamu, anataka maiti ya mwanawe akaizike kwao. Watu walianza kwa kucheka, wakamaliza wakifuta machozi. Waamuzi waliwakata alama, wakisema mama yule hayumo katika historia.

Mgeni wa heshima siku hiyo alikuwa Bwana Dabaso, mfanyabiashara wa Garsen, mwenye malori na kinu cha mpunga, ambaye pia tunaye hapa. Alipiga makofi kuliko wote, akauliza jina la kijana aliyeigiza mama, na mnamo Machi 1996 akamwajiri. Bwana Dabaso alimpenda Tsuma, hilo hatulikatai na wala hatuoni haya kulisema, alimlisha mezani kwake, akamshonea mashati ya kitambaa kimoja na chake, kwa cherehani yangu mwenyewe, akawa haendi Malindi wala Lamu bila yeye. Kazi ya Tsuma ilikuwa kuandika magunia kinuni, na kumbebea bwana wake kiti cha plastiki cheupe kila aendako, maana Bwana Dabaso, kama mjuavyo, hakai chini.

Agosti 1996 wazee wetu walipeleka kadzama, kibuyu cha tembo la mnazi, kwa wazazi wa Nyevu kumposea Tsuma, wakapokewa, na tarehe 22 Mei 1997 Tsuma na mkewe wakajaliwa binti, ambaye kwa mila yetu alipewa jina la nyanya yake, Mbodze. Ndiye huyo anayelia. Nawaomba wale waliomfuata Nyevu wakitaka mtoto awapake mate kwenye macho mabovu, waende zahanati.

Kuhusu ugonjwa, Tsuma hakuugua, zaidi ya malaria kama sisi sote, kwa hiyo nitasema alivyokufa, na nitasema polepole ili pasiwe na wa kudai kwamba hakusikia. Mwaka jana mvua ile ya El Nino ilipovunja kingo, Garsen ikawa kisiwa, na siku ya Jumatano, tarehe 3 Desemba 1997, Bwana Dabaso alitaka kuvuka kwenda kutazama kinu chake. Jilo alikuwa pale kivukoni na mtumbwi wake. Alimwomba Bwana Dabaso akae chini, kwenye sakafu ya mtumbwi, kama anavyokaa kila abiria, awe tajiri, awe bwana harusi, awe shehe, kwa sababu mtumbwi wa gogo ukiulemea juu unapinduka, mtoto wa mto analijua hilo kabla ya kujua kuongea. Bwana Dabaso akajibu kwamba mtu wa hadhi yake hawezi kukalia maji ya samaki, akaamuru kiti kipandishwe. Wahenga walisema aliye juu mngoje chini, Jilo hakungoja, alimwomba tu akae. Tsuma akapiga magoti akashikilia miguu ya kiti kwa mikono yake yote miwili, na hivyo ndivyo walivyoingia mkondoni, mmoja ameketi kama yuko barazani kwake. Gogo lililokuja na maji likawagonga ubavuni, kiti kikateleza, mtumbwi ukapinduka, Tsuma akamsukuma bwana wake hadi kwenye tawi la mkuyu, na alipogeuka kujiokoa mwenyewe nguvu zilikuwa zimekwisha. Jilo aliyaona haya yote akiwa ameng'ang'ania upondo wake, na Jilo hajawahi kunidanganya.

Bwana Dabaso husimulia vingine. Husema kijana alitabasamu, akajiachia, akajitoa sadaka ili mto utulie, na kweli kesho yake maji yalipungua, watu wakashika vichwa. Wiki iliyofuata maji yalipanda tena yakazoa ng'ombe wa Mama Barwako, Muorma jirani yetu, karibu zizi zima, na hilo hakuna anayelisimulia. Ndugu yangu hakutabasamu. Alikuwa na mtoto wa miezi sita nyumbani.

Mwili ulipatikana Jumamosi, tarehe 6 Desemba, kwenye matete chini ya Ngao, na msiufanye huo nao kuwa muujiza kwamba mto ulikuwa unamleta nyumbani, mto unashuka tu na kwetu ni chini. Boti ya Bwana Dabaso ilifika kabla yetu, ikamrudisha Garsen, akazikwa kesho yake katika uwanja wa Bwana Dabaso, huku mama amekwama ng'ambo ya mafuriko, bila hata kumwona uso. Tangu hapo kaburi limewekewa vigae, vitambaa vimefungwa, na anayevuka hutupa konzi ya mchele majini akisema Tsuma nivushe. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na mzazi huyu alikwenda kuomba kibali cha kufukua, akaambiwa arudi kesho, akarudi, akaambiwa tena, akarudi, mpaka kikatoka, na jana tumemfukua mwanawe. Leo Jumamosi, tarehe 18 Julai 1998, anazikwa kando ya baba yake, chini ya udongo mtupu.

Nyuma ya msafara wetu limekuja lori lenye sanamu ya saruji. Mama alifunuliwa turubai akatazama, akauliza huyu ni nani. Pua si yake, na kimo amezidishiwa. Sanamu hiyo haitashuka hapa, na kama kuna vijana waliolipwa kuishusha, watanikuta mimi na wanawake wa Kilelengwani tumesimama nyuma ya lori, na majembe tunayo.

Familia inawashukuru wauguzi waliowatibu watu wakati wa mafuriko bila dawa za kutosha, Mama Barwako aliyetuletea maziwa ya matanga ilhali yeye ndiye wa kupewa pole, wafanyakazi wa kinu waliochimba kaburi hili tangu alfajiri, Mwalimu Beryl, na Jilo, ambaye hana deni lolote kwetu, naomba alisikie hilo aanze kulala usingizi.

Mwisho tunamshukuru Bwana Dabaso. Amefika asubuhi, vijana wake wakamteremshia kiti, mama akamwonyesha mkeka, naye akaketi chini pamoja nasi, na mpaka sasa yuko hapo, nguo zimejaa vumbi. Ahsante, Bwana. Kumbe unaweza. Ungaliketi hivyo tarehe tatu Desemba, leo Tsuma angalikuwa shambani amelala badala ya kufukuza ndege.

Tsuma, mwana wa Mbodze, baba wa Mbodze, kazi ya kubeba watu imekwisha. Wakikuita kivukoni usiitike. Pumzika kwa amani, pumzika kama mtu.