Mkono wa Kushoto Mgongoni

Lemuel, zima hiyo televisheni, na wewe Charlesetta acha vyombo viloweke, njooni mkae hapa ninapoweza kuwaona wote wawili bila kugeuza shingo, maana shingo imegoma. Muuguzi amesema nisiongee sana. Yeye analipwa kusema hivyo. Mimi nina maneno ya kuwaachia na pumzi iliyobaki ni kidogo, kwa hiyo asinikate mtu kauli, na mkiona nimenyamaza, jueni navuta pumzi tu, sijamaliza.

Nyumba hii ni yenu wote wawili, msiiuze kwa yule bwana wa Montgomery anayepiga simu kwa sauti yake ya sukari kuuliza kama bado nipo hai. Gari la baba yenu lichukue wewe Lemuel, ingawa unaliendesha kama mtu anayefukuzwa na polisi. Kikaango cha chuma cha bibi yenu ni cha Charlesetta, na binti yangu, nitarudi kukusumbua siku nitakayosikia umekiosha kwa sabuni. Binamu yangu Maybell akija kuulizia mashuka yale ya viraka, mpeni moja, lile baya. Yeye ndiye aliyesema kwenye mazishi ya dada yangu kwamba mwanamke anayetoroka kwa mumewe anajitafutia. Nimekula naye meza moja ya kanisa tangu siku hiyo, nimempa kambare na mkate wa mahindi, lakini kusamehe sijasamehe, na sasa nimechoka kujifanya.

Sasa tuje kwenye kitu kilicho chini ya mto huu, upande wa kushoto. Msinyanyuke. Najua mnakijua, na najua mmekuwa mkinong'onezana jikoni kama mkichukue nikiwa nimelala. Lemuel, nilikusikia ukisema, "Mama amezeeka, anaona maadui hewani." Nimezeeka kweli. Masikio bado.

Mmenijua maisha yenu yote nikiwa mlangoni pa Kanisa la Mlima Nebo na gauni langu jeupe, mkono wa kulia mbele kwa kupokea watu, mkono wa kushoto umekunjwa mgongoni, kama tunavyosimama sisi wahudumu wa mlangoni tangu enzi za bibi yenu. Watu walinisifu, "Mtazameni Dada Ozella anavyosimama, hata jeshini hawasimami hivyo." Hakuna aliyewahi kujiuliza mbona mkono wangu wa kulia una glavu na wa kushoto hauna. Mungu aliniumba mashoto, na ile bastola ndogo aliyoninunulia baba yenu ilikaa kiunoni kwa nyuma, chini ya koti la sare, hapo hapo mkono unapopumzika. Glavu ingeteleza. Mchungaji wetu alijua, nilimwambia mwenyewe, kwa sababu sikutaka kuingia nyumba ya Mungu na siri. Alinitazama, akatazama viatu vyake, akasema, "Dada Ozella, mimi sijasikia hayo uliyosema, lakini Jumapili usisimame mbali na mimi."

Mnadhani niliibeba kwa sababu ya habari za televisheni, wale vijana wageni wanaoingia makanisani mwetu na bunduki zao na chuki yao. Hao nawaogopa, nani asiyewaogopa. Lakini mimi sikuanza kwa ajili ya mgeni. Nilianza kwa ajili ya mtu ninayemjua kwa jina.

Dada yangu Verdell mmemwona kwenye picha tu, yule mwenye kofia ya njano. Nimewaambia alikufa kijana, basi. Verdell alimkimbia mumewe na jicho limevimba, akarudi kwa Mama, na Jumapili iliyofuata akavaa kofia yake, akaenda kanisani, akakaa mbele ambako kila mtu angemwona, kwa sababu alisema hana aibu yoyote ya kuficha. Mama alikuwa mlangoni. Mimi nilikuwa msichana, nimepewa gauni jeupe juzi juzi, nimesimama kando yake najifunza. Mumewe akaja asubuhi kweupe, kanisa linaimba, amevaa suti, amenyoa vizuri, kofia mkononi. Akasema, "Habari ya asubuhi, Mama mkwe. Nimekuja kumwomba radhi mke wangu." Kwa adabu hiyo hiyo. Na Mama, ambaye alikuwa amefundishwa kwamba mlango wa kanisa haumkatai mtu, akampa kipepeo cha kujipepea, akamshika kiwiko, akampeleka taratibu katikati ya kanisa mpaka benchi la Verdell, akawaomba watu wasogee apate nafasi nyuma yake.

Verdell hakugeuka. Hakujua. Alikuwa bado akiimba mumewe alipomuua.

Nipe maji kidogo. Kidogo tu, hayashuki.

Mama aliishi miaka mingi baada ya pale, na sikumsikia hata siku moja akisema alikosea, wala mimi simlaumu, alifanya kazi yake kama alivyofundishwa. Lakini akiwa anamenya mbaazi, au anakunja nguo, ghafla anasema, bila kumwambia mtu, "Nilimpa na kipepeo." Basi. Kisha anaendelea kumenya.

Siku nilipopewa mlango wake nilimwambia baba yenu nataka bastola. Hosea aliacha kutafuna. Akasema, "Ozella, unataka kumpiga nani?" Nikamwambia, sitaki kumpiga mtu, nataka mtu wa namna ile akiingia nisiwe na kipepeo tu mkononi. Hakubisha tena. Alinisimamisha nyuma ya banda, akaweka makopo ya kahawa juu ya ua, akanifundisha, na nikaenda kwa sherifu, mkuu wa polisi wa kaunti, kuchukua kibali changu kama raia yeyote. Nilikuwa naogopa, wanangu. Msidhani kitu hiki kinaondoa woga. Kinakupa woga wa pili. Kuna Jumapili ya Agosti alikuja mwanamume nisiyemjua, amevaa koti zito katika joto lile, jasho linamtiririka, na alipofika mbele yangu akaingiza mkono ndani ya koti. Vidole vyangu vilikuwa vimeshashika chuma. Alitoa picha. Picha ya mama yake, aliyebatizwa kwetu zamani, alitaka kujua kama kuna anayemkumbuka. Nikamwonyesha kiti, nikatabasamu, kisha nikaenda chooni nikakaa chini sakafuni na gauni langu jeupe. Nilimwogopa yule mtu, halafu nikauogopa mkono wangu zaidi. Woga wote huo nimeubeba kila Jumapili, nikirudi nyumbani nawapikia sukuma wiki na nyama, nanyi mnauliza Mama mbona umenuna.

Sasa Charlesetta. Inua uso, mwanangu. Hiyo skafu uliyojifunga shingoni wiki zile nilijua ilikuwa inafunika nini. Ulipomwacha mumeo Dorsey nilimshukuru Mungu kwa sauti, na ulipoleta ile amri ya mahakama ya kumkataza asikukaribie nikaibandika kwenye jokofu, lakini karatasi ile haijui kusimama mlangoni. Na uliniambia alivyokuambia, kwa sauti ya chini, hata bila hasira: "Siku moja utakuwa umenipa kisogo." Ukaniambia ukicheka, ili nisiogope. Mimi nikacheka nawe. Kisha nikaingia chumbani nikakaa kitandani, maana niliiona ile kofia ya njano.

Tangu hapo nimesimama mlangoni kwa ajili yako peke yako, Mungu anisamehe, wengine walipita tu. Dorsey alikuja Jumapili kadhaa. Na sauti ile aliyopewa! Akiimba, akina mama wanalia, mashemasi wanampigapiga begani, "Ndugu Dorsey, Mungu atairudisha ndoa yako." Aliponikaribia nilimwonyesha benchi la kule ukutani, mbali nawe, na yeye akatazama mkono wangu wa kushoto, akaangalia usoni, akaenda akakaa kule kule. Yeye alielewa. Ukimtoa mchungaji, katika kanisa zima aliyejua kwa nini nasimama vile alikuwa Dorsey.

Na wewe Lemuel. Wewe uliyelelewa vizuri. Nilikusikia jana kwenye simu hapo kibarazani ukisema, "Usijali, kaka, bila shaka utaimba, Mama alikuwa anaipenda sauti yako." Usishtuke. Unapiga kinanda, Dorsey anaimba, mmekuwa marafiki tangu shule, na amelia mbele yako, najua, watu wa namna ile wanalia vizuri sana. Umemkaribisha aimbe kwenye ibada ya kuniaga. Asimame mbele. Au aje na suti yake aseme amekuja kutoa pole, na kijana fulani mwenye glavu mbili nyeupe amshike kiwiko.

Hicho ndicho kinachoninyima usingizi, wala si kufa. Kufa nimeshazungumza na Mungu, tumeelewana. Naogopa ile siku moja. Kanisa litajaa, mlango utakuwa wazi, kila anayekuja atakaribishwa kwa sababu ni msiba na msibani hafukuzwi mtu, na binti yangu atakuwa ameketi benchi la kwanza, la wafiwa, ameligeuzia kanisa zima kisogo. Nami nitakuwa pale pale mbele yake, nimelala, nimevalishwa sare, mikono yote miwili imekunjwa kifuani. Sitaweza kumwambia geuka.

Usiniambie utamwomba asije, Lemuel. Ukimwomba atakuambia sawa, kaka, na atakukumbatia shingoni. Na mchungaji atasema kanisa halimfungii mtu mlango. Atakuwa amesema kweli, ndiyo maana naogopa.

Mnajua nilivyoitamani siku hiyo. Niliipanga mwenyewe. Nyimbo nimechagua, gauni limepigwa pasi liko kwenye kabati, na wahudumu wa mlangoni wa kaunti nzima walishaniahidi watakuja na sare zao wasimame safu mbili kutoka barabarani mpaka ndani, weupe pe, mikono mgongoni, nami nipitishwe katikati yao. Nimewafanyia hivyo wenzangu wote waliotangulia. Kila mara nilikuwa nawaza, na mimi zamu yangu itakuja.

Basi haiji. Sitaki ibada.

Kaa chini, Lemuel. Mimi bado ni mama yako. Watu watasema Ozella amezikwa kama mtu asiye na kwao, waache waseme, Maybell atapata la kuongea mpaka Krismasi. Msitangaze siku. Msinipeleke kanisani kabisa. Mwambieni mwenye kampuni ya mazishi anichukue moja kwa moja hadi kule kilimani, kando ya Hosea, ninyi wawili na mchungaji, mchana, jua likiwa juu. Kule hakuna mti wala ukuta, na gari likiacha barabara kuu mnaliona vumbi lake kabla hata hamjalisikia. Charlesetta, utasimama na mgongo wako kwenye jiwe la baba yako. Na mchungaji akisema tuombe, wengine wakifumba macho, wewe usifumbe. Unanisikia? Mungu ataelewa. Uombe macho yakiwa wazi.

Kuhusu kitu hiki. Lemuel, toa risasi kwanza, taratibu, kama baba yako alivyokuonyesha, uziweke mezani. Hivyo. Mpe dada yako. Charlesetta, najua uliniambia, "Mama, sitaki kuishi hivyo." Hata mimi sikutaka. Sikulazimishi, na ukiitupa mtoni sitakulaumu, kwa sababu nimekueleza uzito wake, na ule wa kiunoni ndio mdogo. Nimekueleza nilivyochagua na kwa nini. Wewe chagua lako. Lakini chagua ukiwa unajua, usichague kwa kuona aibu mbele ya watu wa kanisa, na usichague kwa ajili ya kunifurahisha, maana mimi sitakuwepo kufurahi.

Hapo. Mkono umepoa sasa. Sikujua ulikuwa umechoka hivi.

Lemuel, ukiulizwa na Dorsey nazikwa lini, utasema hujui. Utadanganya. Najua hujazoea, jifunze. Mungu akubariki kwa upole wako, mwanangu, akuongezee na macho. Binti yangu, Mungu akutangulie kila unakoingia na akufuate kila unakotoka... akae nyuma yako hasa. Nyuma yako. Akupe uzee mrefu, unene, usingizi... ucheke kwa sauti kubwa mahali penye watu... na usigeuke kutazama nani amekusikia.

Sogea. Chumba kimekuwa na ukungu. Nakuona wewe, Charlesetta, nauona mkono wako... Huyo aliyesimama nyuma yako ni nani?

Ni Lemuel?

Sema kitu, mwanangu, nisikie kama ni wewe.